Siku Maabara Iliposema Sifuri

Sehemu ya saba ya maungamo ya Orpha Stidham

Mliniacha kwenye ngazi za duka langu Jumapili mchana, trekta la Arvil Gabbard limepanda juu ya maua yangu, na Arvil mwenyewe anaingizwa kwenye gari la polisi, mikono nyuma.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni mjane, miaka hamsini na tisa, mkazi wa Pawpaw Fork, Kentucky. Tumelima tumbaku tangu enzi za babu zetu mpaka wanunuzi walipotukimbia. Mume wangu Clell naye akaondoka, yeye kwa ugonjwa wa moyo. Nikabaki na shamba, deni na sufuria. Ndipo nikaingia kwenye hempu.

Hempu ni ndugu wa bangi, tumbo moja, ila huyu ndiye aliyepelekwa shule. Serikali ilimruhusu alimwe kwa ajili ya kamba na vitambaa. Watu hawakukawia kugundua kwamba ukimkamua vizuri, msomi naye analewesha. Kila mtu akawa anauza kitu. Mimi nikapika pipi za jeli za pichi, mafuta ya hempu ndani yake, nikazipanga dirishani.

Jimbo likazinduka, likaleta sheria. Usimuuzie aliye chini ya miaka ishirini na moja. Usipite kipimo. Usizifinyange kwa umbo la dubu, watoto watazipenda. Na kila mpiko upelekwe maabara. Dubu zangu nikaziyeyusha kwa machozi, nikazifanya za mraba. Sampuli nikapeleka.

Huku nikisubiri majibu, Arvil, anayetupelekea nyasi na chakula cha mifugo, akala pipi zangu nne, akaendesha trekta katikati ya barabara kuu watu wakitoka kanisani, akasimama juu ya kiti na kutangaza kwamba ananipenda.

Mpaka hapo mlijua.

*

Jumatatu saa nne asubuhi akaja Bi. Renata Osgood, mkaguzi wa jimbo.

Huyu binti ana miaka thelathini hivi na ni mpole kupita kiasi. Anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Anafuta viatu mara mbili. Mimi watu wa namna hiyo nawaogopa. Mkali utagombana naye. Mpole utamfanya nini?

"Bi. Stidham, ingekuwa vizuri ukae."

"Nimezoea kusimama."

"Hata hivyo."

Nikakaa juu ya ndoo ya sukari. Nilishajua: nimezidisha kipimo. Ningejuaje kupima matone kwa macho haya? Nimemtia Arvil wa watu wazimu, na sasa nafungiwa duka.

"Sema tu, mwanangu. Nimezidisha kiasi gani?"

"Hujazidisha."

"Basi nimo ndani ya kipimo!"

"Umo," akasema. "Umo ndani sana."

Akanigeuzia karatasi. Majina marefu ya kikemia yamepangwa kutoka juu mpaka chini, na mbele ya kila jina, yai.

"Hii sifuri ndiyo nini?"

"Ni sifuri, Bi. Stidham."

"Mashine yenu mbovu."

"Tulipima mara tatu. Mara ya pili tulibadilisha mashine. Mara ya tatu tulibadilisha mpimaji."

"Sasa ndani kuna nini?"

Akasoma kwa sauti ya kuhani. "Pichi. Sukari. Jelatini. Limau. Mafuta ya nazi yaliyotiwa rangi ya kijani." Akasita. "Yule mpimaji wa mara ya tatu anauliza kama anaweza kuagiza pakiti mbili."

Nyuma ya kaunta kitu kikaanguka. Alikuwa mdogo wangu, Drusilla. Dru alikuja kunitembelea kwa wiki mbili, miaka saba iliyopita. Kila alasiri anakula nusu pipi, anajilaza kwenye kiti cha kubembea na kututangazia kwamba anaelea.

"Uongo!" Dru akapiga kelele. "Mimi nalewa kila siku tangu mwezi wa tatu!"

"Pole, mama," akasema Bi. Osgood.

"Usinipe pole! Jumanne iliyopita niliona ukuta unapumua!"

"Dru," nikamwambia, "ule ukuta ni wa bati, na kulikuwa na upepo."

Mafuta yale nilinunua kwa bwana mmoja aliyekuja na gari safi na meno safi zaidi. Nikampigia palepale. Namba haipo. Nikajaribu tena kwa simu ya Dru, kana kwamba namba huipendelea simu ya mtu fulani. Haipo.

Msinicheke bado. Kwanza nisaidieni kuwahesabu wateja wangu. Bi. Lovey, mpiga kinanda wa kanisa, alisimama mbele ya waumini akashuhudia kwamba Bwana amemtoa kwenye utumwa wa pipi za Orpha. Alilia. Tulilia kanisa zima. Mzee Estill, mwalimu mstaafu, hula moja na kuzungumza na mbwa wake kwa Kilatini. Mji mzima tulikuwa tumelewa pichi.

"Sasa sheria inanifanya nini?" nikauliza.

Bi. Osgood akakaa kwenye ndoo ya pili, tukatazamana kama wakamuaji wawili wa maziwa.

"Sheria inasema kisizidi. Haisemi lazima kiwepo. Ila lebo yako inasema kipo, na umeuza kwa lebo hiyo. Nikiyasajili majibu haya, duka linafungwa siku hiyo hiyo, na jina lako linaingia kwenye orodha ya waliodanganya wanunuzi. Orodha inasomwa na kila mtu."

"Na usipoyasajili?"

"Lazima niyasajili." Akafungua mkoba. "Ila kuna fomu nyingine. Mwenye leseni anaruhusiwa kuuharibu mpiko wake kwa hiari kabla majibu hayajasajiliwa. Ukisaini, tunazifukia pipi zote, unanunua mafuta kwa muuzaji aliyeandikishwa, unaanza upya. Majibu yanabaki kwenye jalada. Hakuna wa kuuliza."

"Hiyo ni halali?"

"Nimeisoma kanuni mara mbili, nikitumaini ni halali. Ni halali. Una mpaka Alhamisi saa kumi."

Dru akanishikisha kalamu. "Saini, dada."

Nikaiweka kalamu kwenye mstari. Kisha neno moja likanigonga kichwani.

Alhamisi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Arvil anasimama mbele ya jaji kwa kosa la kuendesha chombo akiwa amelewa. Kipimo cha pumzi hakikuonyesha tone la pombe. Kinachomshitaki ni mdomo wake mwenyewe: alimwambia askari amekula pipi nne za Orpha.

Kama pipi ni pichi tu, Arvil yuko mahabusu bure.

Nikataka kusimama. Lakini wazo la pili likaja nyuma ya la kwanza, na hilo likanirudisha kwenye ndoo.

Kama pipi ni pichi tu, Arvil alikuwa mzima.

*

Hapa ndipo ninapoungama, maana wiki iliyopita niliwaficha kitu.

Niliwaambia Arvil alisema ananipenda. Sikuwaambia mengine aliyosema pale juu. Alisema ndiye anayetengeneza uzio wangu kila masika tangu Clell afe, na mimi nikidhani ni watu wa kaunti. Alisema kila Ijumaa hununua pakiti ya pipi, na pichi haipendi, haikuwahi kupita kooni mwake tangu utotoni mpaka siku ile, lakini hana sababu nyingine ya kuingia dukani. Alisema hana maneno mengi, na haya ndiyo yote aliyokuwa ameyaweka akiba.

Na mimi nilifanya nini?

Nilicheka. Mbele ya watu arobaini wenye bakuli za chakula cha kanisa, nilishika kiuno nikasema, "Jamani, mlazeni kivulini, hizo ni pipi zinaongea!"

Watu wakaangua kicheko. Nilimwona usoni. Alionekana kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Kisha naye akacheka kidogo, akasema, "Eeh, pipi hizo," akamnyooshea askari mikono mwenyewe.

Nimesema. Sasa mnaweza kunicheka.

*

Jumatano mchana nikabeba maharage na mkate wa mahindi, nikaenda kituoni.

Askari Shadrick alikuwa mezani anacheza karata peke yake, na anashindwa.

"Nimekuja kumwona mfungwa."

"Mfungwa gani? Mlango sijaufunga tangu Jumapili. Ndugu yake alikuja kumdhamini, Arvil akakataa. Mimi nimemfukuza mara mbili. Anasema akitoka atakutana na watu."

"Na chakula?"

"Anakula, anaosha vyombo, jana amenitengenezea bomba. Mfungwa wa namna hii niongezee wawili."

Arvil alikuwa kwenye kitanda, kofia magotini. Ni mrefu, mikono kama makoleo, masikio yaliyosimama mbali na kichwa kana kwamba yanasubiri habari. Nikamwekea sahani. Akaitazama.

"Orpha, nisamehe kuhusu maua."

"Maua yataota."

"Na kuhusu kelele."

"Kelele zimeshapita."

Karatasi ya maabara ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilikuja kumwonyesha, Mungu ni shahidi. Nikaingiza mkono.

"Nilikuwa nimelewa," akasema haraka. "Sikumbuki hata neno nililosema."

Mkono ukasimama mfukoni.

"Hata neno?"

"Hata moja."

"Hata la uzio?"

"Uzio gani?" akauliza, na masikio yake yakawa mekundu kama taa za breki.

Ningeitoa karatasi pale pale. Ningesema, Arvil, hukulewa, nami ninajua. Lakini mtu akijifunika blanketi mbele yako, unaanzaje kulivuta? Na zaidi ya hapo, nani alimfunika blanketi hilo kama si mimi?

"Kesho utamwambia nini jaji?" nikauliza.

"Nitakiri. Yaishe."

"Wakikunyang'anya leseni ya kuendesha? Utapelekaje nyasi za watu? Utapelekaje chakula cha mifugo?"

"Nina miguu."

"Arvil, wateja wako wako vilima vitano!"

"Basi nitawahi kuamka."

Akaanza kula, maana yake maongezi yamekwisha. Niliondoka na karatasi yangu ile ile mfukoni. Shadrick akaniuliza kama nimebakisha maharage.

*

Alhamisi, mahakama ya kaunti ilijaa kuliko kanisa siku ya Pasaka. Watu walikuja na vitambaa vya kufuma. Mzee Estill alikuja na mbwa. Bi. Osgood alikuwa kiti cha nyuma kabisa, amekumbatia mkoba, na fomu isiyo na saini yangu ilikuwa ndani ya pochi yangu.

Dru alining'ang'ania mkono tangu mlangoni.

"Dada, ukisimama pale, duka limekufa."

"Najua."

"Na mimi nitaambiwa miezi yote hii nilikuwa naelea juu ya jamu."

"Hilo nalo najua."

"Subiri basi jaji amhukumu. Arvil si mtoto. Anataka kukiri, mwache akiri. Saa kumi unasaini, Ijumaa tunapika."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Shamba lile lina deni, na duka ndilo linalolilipa. Tukilipoteza duka, mimi na Dru tunakwenda kuishi kwa binti yake mjini, ghorofa ya nne, tukitazama maegesho ya magari. Nilikaa. Nilifumba macho. Nikajiambia, nyamaza, Orpha, umenyamaza kwa mengi, hili nalo litapita.

"Arvil Gabbard," akaita Jaji Whitlow.

Arvil akasimama. Alikuwa amevaa koti la harusi na mazishi, mikono yake imetokeza nusu nje.

"Unashitakiwa kuendesha trekta barabarani ukiwa umelewa bidhaa za hempu. Unasemaje?"

"Nakiri, mheshimiwa."

"Umeelewa kwamba nitaichukua leseni yako?"

"Nimeelewa."

"Una neno la kujitetea?"

"Sina, mheshimiwa. Nilishasema mengi Jumapili."

Watu wakacheka. Kicheko kilekile. Nikakifahamu, maana ni mimi niliyekianzisha.

Nikajikuta nimesimama.

"Orpha, kaa," akasema Jaji Whitlow. Tumesoma darasa moja, huniambia kaa tangu tuna miaka sita.

"Sikai. Nina ushahidi."

"Ushahidi wa nini? Mtu amekiri."

"Amekiri kitu ambacho hakikuwezekana."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akaita karani, Biblia ikaletwa, nikapanda kizimba cha mashahidi, nikaapa kusema kweli, kweli yote na kweli tupu. Nikatoa karatasi nikampa.

Akasoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akasoma tena.

"Orpha, hizi sifuri…"

"Ni sifuri, mheshimiwa. Nilitapeliwa mafuta. Pipi zangu hazina kitu. Hazijawahi kuwa na kitu. Mtu akila nne, akila arobaini, atapata kuharisha tu."

Kisha Bi. Lovey akainuka kutoka kiti cha tatu, mkono kifuani.

"Basi mimi niliachishwa nini?"

Mahakama ikalipuka. Mmoja akadai arudishiwe fedha, mwingine akaapa kwamba pakiti yake yeye ilikuwa ya kweli. Mzee Estill akamwinamia mbwa wake na kumwambia kitu kwa Kiingereza cha kawaida kabisa. Dru alijifunika uso kwa kofia yangu.

Jaji akagonga nyundo mpaka glasi zikacheza. Askari Shadrick akasimama, ameumia kidogo.

"Mheshimiwa, lakini nilimtembeza kwenye mstari. Aliyumba."

"Goti lake lilikanyagwa na ng'ombe," nikasema. "Anayumba tangu nimfahamu."

Nyuma kabisa, Bi. Osgood alifungua mkoba. Akanitazama muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Akatoa kalamu na kuandika. Sikuhitaji kuambiwa. Majibu yamesomwa mahakamani, hayana tena jalada la kulala. Duka la Orpha Stidham lilifungwa saa tatu na dakika ishirini, na mwenyewe nilikuwa nimesimama nikilitazama.

Mtanishangaa: sikulia. Nilijisikia mwepesi. Nikasema moyoni, haya, angalau mtu mmoja leo ametoka na kilicho chake.

"Bwana Gabbard," akasema jaji, sauti imelainika. "Umesikia. Hukuwa umelewa. Nikiuliza tena, utajibu vingine, nami nitaifuta kesi hii twende tukanywe kahawa. Unasemaje?"

Arvil aliitazama sakafu.

"Nilikuwa nimelewa, mheshimiwa."

"Kwa pichi?"

"Kwa pichi."

Watu wakacheka tena. Jaji hakucheka.

"Bwana wewe, nakufungulia mlango, nawe unausukuma kwa ndani?"

"Nina haki ya kukiri. Nakiri." Nadhani hajawahi kusema sentensi nyingi hivyo akiwa hayuko juu ya trekta. "Nilikuwa nimelewa. Kila nililosema siku ile lilikuwa la ulevi. Sikumaanisha hata neno moja. Naomba iandikwe hivyo."

Karani akaanza kuandika. Nilisikia kalamu inakwaruza.

Hapo kitu kikaniingia, na sikukitarajia. Sikilizeni vizuri, maana hata mimi nilichelewa kukitambua. Nilikuja pale kulipa kosa langu. Kumtoa mtu kifungoni, basi. Aliposema hakumaanisha hata neno, nilipaswa kushukuru: yeye kajifunika, mimi nimefunikwa, mji umecheka, tumemaliza.

Badala yake nikashikwa na hasira ambayo sijaipata tangu ujana.

"Muongo!" nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Bi. Stidham," akasema jaji, "ushahidi wako umekwisha."

"Anadanganya, mheshimiwa!"

"Kuhusu kulewa? Hilo karatasi imelimaliza."

"Si kulewa. Hayo mengine."

"Mengine yapi?"

Mahakama nzima iliinamia mbele, viti vikalia. Mtu wa nyuma akamuuliza jirani yake, "Kasemaje?" akaambiwa anyamaze.

Jaji Whitlow akavua miwani, akaifuta kwa joho lake, akaivaa tena.

"Orpha, nikuelewe. Umekuja hapa na karatasi ya kujifungia duka lako mwenyewe. Uliyemwokoa hataki kuokoka. Kesi hii ninaweza kuitupa sasa hivi, na nitaitupa. Lakini rekodi inataka kukamilika. Bado uko chini ya kiapo. Wewe inakuhusu nini kama Arvil Gabbard alimaanisha au hakumaanisha?"

Tangu Jumapili ile Arvil hakuwa amenitazama machoni. Sasa aliinua kichwa.

"Mheshimiwa," nikasema. "Naomba maji."

Karani akanyanyuka kuelekea kwenye jagi. Arvil akamtangulia. Mshitakiwa, katikati ya kesi yake mwenyewe, alivuka mahakama, na Shadrick akasahau kumzuia. Akamimina glasi, akaniletea pale kizimbani, akainama kuiweka.

"Usiseme kwa kunihurumia, Orpha," akanong'ona. "Huruma sitaiweza."

Akarudi mahali pake akasimama.

"Tunasubiri," akasema jaji.

Nikanywa yale maji yote. Nikaiweka glasi chini. Kisha nikageuka, nikamwacha jaji na kiti chake, nikamtazama Arvil, nikafungua mdomo. Yaliyotoka mtayasoma wiki ijayo.